Loda ndogo kwenye kazi ya miti Mwanza: namna ya kujua kama itakulipa

Gogo bichi la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita moja lina uzito wa kilo 250 hivi. Vijana wanne wakilichukua begani kwa mipini, kila mmoja ana zaidi ya kilo 60 juu yake, na hapo bado hawajaanza kupanda kilima cha Isamilo. Siku kama hiyo, jioni, kila mwenye kazi kama yangu hufungua simu na kuanza kutazama video za bobkati, yaani loda ndogo za kubebea magogo.

Mimi napogoa na kuangusha miti hapa mjini. Nina watu wanne wa kudumu, chenso tatu, kamba za kutosha, na Kenta ninayokodi kwa siku. Swali la loda ndogo nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na nimeulizwa na wenzangu wa Ilemela na Nyamagana kiasi kwamba nimeona niandike hatua zote nilizopitia, pamoja na hesabu.

Ninaposema loda ndogo namaanisha aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo dereva anasimama nyuma yake kwenye kibao, ina mikanda ya mpira au matairi manne, upana wa sentimita 90 hadi mita moja na ushee, na uzito wa kati ya kilo 700 na 1,300. Vermeer, Toro na Ditch Witch wanazitengeneza, na za Kichina ziko nyingi. Ya pili ina kiti na imekatwa katikati kwa kiungo, inajikunja inapokata kona. Avant ya Finland ni mojawapo. Vijana wa mtaani wanaziita zote bobkati, hata zisizo na uhusiano wowote na kampuni ya Bobcat. Zote mbili zinabadilishwa kifaa cha mbele: kijiko, uma, au kucha za kukamatia magogo. Kwa kazi yetu kucha ndiyo mashine yenyewe. Bila kucha umenunua toroli la bei mbaya.

Kitu kimoja ukiweke akilini kabla ya hatua ya kwanza. Video nyingi tunazotazama zimepigwa Marekani au Ulaya, ambako mtu mmoja wa kubeba matawi analipwa kwa saa fedha ambayo hapa ni ya siku kadhaa. Kule mashine inashindana na mshahara mkubwa. Hapa inashindana na kibarua wa elfu 15 kwa siku, na kibarua huyo anapanda ngazi za mawe, anapita kwenye uchochoro wa nusu mita, wala hahitaji tela. Ni mshindani mgumu sana. Ukifanya hesabu ya kumwondoa yeye tu, mashine itashindwa karibu kila mara.

Hatua ya kwanza: daftari, miezi mitatu angalau

Usianze na bei ya mashine. Anza na saa zako.

Chukua daftari la kawaida, na kwa kila kazi andika muda wa sehemu tatu: muda wa mpandaji kuwa juu ya mti, muda wa kukatakata kilichoanguka, na muda wa kubeba hadi barabarani au kwenye gari. Usikadirie jioni ukiwa umechoka. Mtu mmoja ashike saa palepale. Mimi nilimpa kazi hiyo kijana wetu wa mwisho, akaifanya kwa ukali kuliko nilivyotaka, hadi muda wa chai akauandika.

Nilichokiona kilinishangaza. Kwenye kazi za karibu na nyumba, ambapo kila tawi linashushwa kwa kamba lisivunje bati, mpandaji ndiye anayekula siku. Walio chini wanamsubiri yeye. Ukiwaletea mashine, nayo itasimama inamsubiri, na mafuta yanaungua. Lakini kwenye kazi za viwanja vikubwa, mikaratusi na mijohoro inayoangushwa mzima mzima, mti uko chini saa tatu asubuhi na kubeba kunamaliza siku mbili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kazi ambayo kubeba kunachukua chini ya theluthi moja ya muda wote, usiihesabu kabisa kwenye faida ya mashine. Itie alama nyekundu, uendelee.

Katika daftari hilohilo ongeza safu nyingine mbili. Moja ya kazi ulizozikataa kwa sababu ya uzito au umbali wa kubeba. Nyingine ya siku ambazo mteja alikupigia ukamwambia asubiri wiki ijayo. Safu hizi mbili zinaonekana ndogo, ila baadaye utaona ndizo zinazoamua.

Hatua ya pili: je, itaingia?

Mwanza wanaiita Mji wa Mawe, na jina hilo si la watalii tu. Nusu ya miti mikubwa tunayoitiwa iko kwenye vilima: Bugando, Isamilo, Mabatini, Igogo, Capri Point. Nyumba zimekaa kati ya miamba, njia ni ngazi, na gari linaishia chini. Mashine yenye upana wa mita moja inapita geti dogo, lakini geti si tatizo la mwisho.

Pima vitu hivi kwa utepe, kwa kazi zote za miezi mitatu, si kwa kukumbuka:

- Geti au uchochoro mwembamba kuliko sehemu nyingine yoyote njiani. Ongeza sentimita 10 juu ya upana wa mashine.
- Kona. Mashine na kucha zake ikishika gogo inafika mita mbili na nusu au zaidi. Uchochoro wa mita moja unaokata kona mraba hauipitishi, hata kama pande zote mbili zina nafasi.
- Ngazi. Hata tatu tu. Mikanda ya mpira inaweza kupanda ukingo mdogo, ila ngazi zenye kingo kali zinaikata, na mkanda mmoja haununuliwi kwa bei ya tairi la toroli.
- Kilicho chini ya ardhi: chemba za maji taka, mashimo ya zamani, mabomba ya maji yaliyofukiwa nusu futi. Nitarudi hapa, kwa sababu nimeshalipa.
- Udongo. Luseni, ule wa mchanga, unaipokea mashine hata baada ya mvua. Mbuga, ule mweusi, ukilowa unameza tairi hadi ekseli. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei vinakuondolea siku nyingi kwenye viwanja vya mbuga, na siku hizo uzitoe kwenye hesabu mapema.

Maeneo ya tambarare kama Buswelu, Buhongwa, Nyamhongolo, Kisesa na sehemu za Nyegezi, pamoja na viwanja vya shule, makanisa na vyuo, ndipo loda inapocheza. Kama wateja wako wengi wako huko, endelea kusoma kwa matumaini. Kama wengi wako mlimani, ruka hadi hatua ya sita.

Hatua ya tatu: uzito wa magogo na namba ya kwenye karatasi ya muuzaji

Hesabu ya uzito ni rahisi. Kipenyo kwa mita, mara kipenyo, mara 0.785, mara urefu, mara 900. Hiyo 900 ni kilo za mita moja ya ujazo ya mti mbichi. Ni makadirio, na mkaratusi mbichi unaweza kuzidi hapo. Kwa gogo la mita moja unapata kilo 64 likiwa na kipenyo cha sentimita 30, kilo 113 kwa sentimita 40, kilo 177 kwa 50, na kilo 452 kwa sentimita 80.

Sasa geukia karatasi ya mashine. Kuna namba mbili ambazo muuzaji asiye makini, au aliye makini kupita kiasi, anazichanganya. Moja ni uzito unaoipindua mashine mbele. Nyingine ni uzito inaoruhusiwa kubeba kazini. Kwa kawaida uzito wa kazi ni asilimia 35 ya ule wa kupindua kwa mashine za mikanda, na asilimia 50 kwa za matairi. Ukiambiwa "inabeba kilo 800", uliza: inabeba au inapinduka? Kama ni ya mikanda na 800 ni ya kupinduka, kazini una kilo 280 tu. Na kucha zenyewe zina uzito, nao unatoka humohumo. Kwa zile zenye kiungo katikati, uwezo unapungua zaidi ikiwa imejikunja, kwa hiyo kona na gogo zito ni vitu viwili usivyovifanya kwa pamoja.

Loda nyingi za kusimamia hubeba kati ya kilo 200 na ushee hadi kilo 500. Linganisha na daftari. Kama magogo yako mengi ni ya sentimita 30, watu wawili wanayamudu na mashine haina cha kukuongezea. Kama mengi ni ya 80, mashine ndogo nayo itakuomba uyapasue kwanza. Raha yake iko katikati, 40 hadi 60.

Hatua ya nne: kilichobaki kubebwa ni nini hasa?

Hapa ndipo mahesabu ya ughaibuni yanapopotea njia kabisa. Kule kila tawi ni taka ya kulipiwa, kwa hiyo loda inashinda inakokota matawi kwenda kwenye mashine ya kusaga. Hapa kwetu matawi yanatembea yenyewe. Kabla mpandaji hajashuka, mama lishe wa jirani ameshatuma watoto, wachoma samaki wameulizia, na mbuzi wameanza na majani. Kufikia mchana yamebaki magogo, na hata hayo, kama ni mjini pembeni, mchoma matofali anakuja na guta lake au Fuso na anakulipa wewe.

Nenda tena kwenye daftari uondoe kila kazi ambayo kuni zilichukuliwa na watu wengine bila wewe kuzigusa. Wengi wetu tunasahau hatua hii kwa sababu kazi isiyotugharimu hatuikumbuki.

Kama wewe ndiye unayesafirisha na kuuza magogo, usisahau kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa misitu. Mashine haikusaidii kwenye kizuizi cha barabarani.

Hatua ya tano: hesabu yenyewe

Namba ninazotumia hapa ni za mfano. Toa zangu, weka zako, mpangilio ndio wa kushika.

Tuseme mashine na kucha zimekufikia Mwanza kwa shilingi milioni 30, ushuru na usafiri kutoka Dar ndani yake, na tela la kuivuta milioni 6. Jumla 36. Baada ya miaka mitano unauza vyote kwa 11. Umepoteza milioni 25, yaani 5 kwa mwaka. Fedha yako iliyofungwa humo, kwa wastani, ni milioni 23.5, kama unaikopa au ungeizungusha kwingine kwa asilimia 15, inakugharimu milioni 3.5 kwa mwaka. Bima, mahali pa kulaza na mlinzi, milioni 1. Gharama ya mwaka hata mashine isipowaka ni milioni 9.5.

Siku inapofanya kazi: mafuta ya saa nne za kuunguruma kweli, lita tatu kwa saa, shilingi 36,000. Akiba ya oili, filta, hozi na mikanda, 25,000. Nyongeza ya dereva, 20,000. Kuivuta kwenda na kurudi, 25,000. Jumla 106,000.

Na faida? Kazi ambayo ingehitaji vibarua wanane kwa siku mbili, sasa inahitaji wanne kwa siku moja. Umeokoa siku-mtu 12, yaani siku 16 za mtu mmoja toa 4, kwa elfu 15 ni 180,000. Toa 106,000, inabaki 74,000. Gawanya milioni 9.5 kwa 74,000: unahitaji siku 129 za mashine kwa mwaka ili kurudisha tu fedha, bila faida ya senti. Sijakutana na mtu wa kazi yetu Mwanza mwenye siku 129 za namna hiyo.

Lakini subiri. Umeokoa pia siku nzima ya timu. Kama kuna mteja anayesubiri, siku hiyo unaifanya kazi nyingine. Tuseme inakuachia 150,000 baada ya gharama zake. Sasa kila siku ya mashine inaleta 74,000 na 150,000, yaani 224,000, na siku zinazohitajika zinashuka hadi 43.

Kati ya 129 na 43 mashine ni ileile, mafuta yaleyale. Tofauti ni foleni ya wateja. Ndiyo maana nilisema andika wale unaowaambia wasubiri. Kama siku uliyookoa unaishia kukaa kijiweni Kirumba ukinywa kahawa, hukuokoa kitu. Umewalipa vibarua wanne pungufu na benki zaidi.

Bado kuna mlinganisho mmoja watu wanauruka: kukodi. Tuseme unapata ya kukodi na dereva wake kwa 250,000 kwa siku, hadi eneo la kazi. Umeokoa 180,000 na 150,000, jumla 330,000. Toa 250,000, unabaki na 80,000 kila siku uliyokodi, na siku usiyokodi huna gharama. Ukiziweka njia hizi mbili pamoja, kumiliki kunaizidi kukodi kuanzia siku ya 66 kwa mwaka. Chini ya hapo, hata kama mashine yako "inajilipa", mwenzako anayekodi anakuacha nyuma.

Sehemu ngumu kwa Mwanza ni kupata ya kukodi. Bakho za ukubwa wa kawaida zipo, na kwa kiwanja cha shule zinafaa kabisa kunyanyua magogo kwa mnyororo au kamba imara. Loda ndogo lazima uulizie kwa wakandarasi wa majengo na wa barabara za mawe, ambao mara nyingi wanayo imelala kati ya mradi na mradi.

Hatua ya sita: maliza kwanza vitu vya bei ndogo

Kabla ya milioni 36, kuna vitu ambavyo havifiki milioni mbili na vinapunguza nusu ya maumivu.

Toroli la magogo: ekseli moja, matairi mawili ya pikipiki au ya gari dogo, upinde wa bomba juu na mkono mrefu. Unalipitisha juu ya gogo, unafunga mnyororo, unashusha mkono, gogo linanyanyuka kichwa. Watu wawili wanavuta gogo la kilo 200 kwenye tambarare wakipiga stori. Mafundi wa kuchomelea Nyakato wanalitengeneza ukiwachorea. La kwangu lilirudiwa mara mbili kwa sababu upinde wa kwanza ulikuwa mfupi. Pima kipenyo cha gogo lako kubwa kabisa, ongeza sentimita 15, ndiyo urefu wa ndani wa upinde.

Winchi ya mkono, ile ya waya na mpini, yenye uwezo wa tani moja na nusu au zaidi. Hii ndiyo mashine ya mlimani. Unaifunga kwenye mti imara au kwenye jiwe, na mawe hatukosi, kisha unavuta gogo kwenda pale gari lilipo. Ni taratibu, ila haina geti inaloshindwa. Asisimame mtu kwenye mstari wa waya uliokaza, wala mtoto asisogee kutazama.

Na mwisho, kukata kwa urefu wa gari. Kwa miaka tulikuwa tunakata mita moja na nusu kwa mazoea. Kushuka hadi sentimita 80 kwa magogo manene kuliongeza dakika chache za chenso na kuondoa watu wawili kwenye kubeba.

Fanya hivi kwa miezi miwili, halafu rudia hesabu ya hatua ya tano. Kuna uwezekano mkubwa zile siku-mtu 12 zimekuwa 7.

Hatua ya saba: kodi siku tatu, kwenye kazi tatu tofauti

Mimi nilikodi ya mkandarasi mmoja, mashine ya mikanda ya kilo 900 hivi. Siku ya kwanza kwenye uwanja wa kanisa, mijohoro mitano. Ilikuwa kama ndoto: hadi saa nane mchana uwanja ulikuwa mweupe. Siku ya pili Nyegezi, kazi ya nyumba, mashine ilikaa saa tano ikimsubiri mpandaji. Siku ya tatu Buswelu.

Buswelu kulikuwa na nyasi nzuri zilizofunika kila kitu. Nilimuuliza mama mwenye nyumba chemba ziko wapi, akanionyesha mbili. Ya tatu alikuwa ameisahau. Mashine ilipita juu yake mara tatu bila gogo, salama. Mara ya nne ilikuwa na gogo la kilo 250, na ukiwa na gogo mbele uzito wote unahamia mbele ya mikanda. Mfuniko ukapasuka, mkanda wa kushoto ukazama.

Mama alitoka, akatazama, akasema kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi: "Mwanangu, na mimi ndiye niliyekwambia ziko mbili." Nilinunua saruji na nondo, nikamleta fundi siku hiyohiyo. Tulitumia winchi ya mkono kuitoa bobkati shimoni. Vijana wangu hawajaacha kunikumbusha.

Tangu hapo, kabla ya mashine kuingia uani, natembea njia yote na nondo nagonga ardhi kila hatua, na njia nzima natandika mbao. Mbao hizo zinasaidia pia miti inayobaki. Mizizi inayolisha mti iko karibu na juu, na mashine ikipita mara 20 chini ya kivuli cha mwembe unaotakiwa kuishi, udongo unabanwa, maji na hewa havishuki, na mwembe unaanza kukauka vilele wakati wewe umeshalipwa na kusahauliwa.

Hatua ya nane: ukishaamua kununua

Uliza hozi kwanza, mashine baadaye. Hozi ya haidroliki itapasuka, hiyo si bahati mbaya ila ratiba. Ipeleke iliyo kwenye mashine kwa mafundi wa hozi mjini waangalie kama wanaweza kuibana nyingine yenye vichwa hivyohivyo. Uliza injini: kama ni aina ambayo tayari iko kwenye jenereta na pampu za maji hapa, kama Kubota au Yanmar, fundi na vipuri vipo. Kama kipuri kinatoka Dar, ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, na hiyo ni siku yako na ya mteja wako.

Ya mtumba, iwashe ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika ana sababu. Nyanyua kucha na gogo, zima injini, subiri dakika kumi: zikishuka sana, sili za silinda au vali zimechoka. Shika kila pini ya mkono uitikise. Tazama mikanda upande wa ndani, ambako nyufa hazipakwi rangi. Oili ya haidroliki yenye rangi ya maziwa imeingia maji.

Matairi au mikanda? Kwa viwanja vyetu vya mawe madogo yenye makali, mimi ningechukua matairi. Mikanda inakanyaga laini zaidi na haizami haraka, ila jiwe la Mwanza linaitafuna, na kuzungukia mahali pamoja juu ya kokoto ni kuikata kwa mikono yako.

Dereva afundishwe kabla hajaharibu. VETA ndio pa kuanzia kuulizia mafunzo ya mitambo, na TRA kuhusu usajili wa mashine na tela. Kisha sheria chache za nyumbani ambazo hazina mjadala: gogo libebwe chini, usawa wa goti. Kwenye mteremko upande mzito uelekee juu, yaani ukiwa na gogo panda mbele na shuka kinyumenyume. Ukiwa mtupu, kinyume chake, kwa sababu uzito uko nyuma. Hakuna kuvuta mti uangukie upande unaoutaka kwa kutumia mashine ndogo. Mti ukikataa, unaivuta mashine pamoja na wewe. Na waya za umeme zikiwa karibu, TANESCO wazime kwanza, mashine au bila mashine.

Kazi za ufukweni zina lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla ya kupeleka mashine na chenso kwenye bustani ya mtu inayogusa maji kule Capri Point au Luchelele, hakikisha mteja ana ruhusa kwa maandishi. Atakayekutwa amekaa juu ya mashine ni wewe.

Daftari langu linasemaje

Miezi kumi na miwili, kazi 58. Zenye njia ya kuingia mashine, 34. Kati ya hizo zenye magogo ya sentimita 40 kwenda juu, 21. Ambazo sisi wenyewe ndio tulibeba, 14. Hizo kazi 14 zingetumia siku 19 za mashine. Kazi nilizokataa kwa ajili ya uzito ni sita, tuseme siku nyingine nane. Jumla 27, mbali na 43, mbali zaidi na 66.

Sijanunua. Nimeongeza toroli la pili, lenye upinde mrefu, na nimekubaliana na yule mkandarasi kwamba mashine yake ikilala ananipigia, nami nazipanga kazi nzito zikae wiki moja. Kuna taasisi mbili zenye viwanja vikubwa nilizoziandikia kuomba mkataba wa mwaka wa kutunza miti yao. Zikikubali zote mbili, zitaongeza siku 40 hivi za viwanja tambarare, ambako magogo lazima yaondoke siku hiyohiyo. Hapo nitafika 67, na nitalitoa tena hili daftari.